Nani Kasema Kocha Lazima Awe Kiungo?

Timu ya mtaa ikikosa kocha hapa Chwele, swali la kwanza huwa lile lile: alicheza namba gani? Akijibu kwamba alicheza namba sita, nane au kumi, wazee wa timu huitikia kwa vichwa, kazi imepata mwenyewe. Akisema alikuwa beki, wataguna kidogo na kusema tutaona. Akisema alikuwa kipa, kuna atakayecheka waziwazi, na mwenye adabu zaidi atamwambia kwamba nafasi ya kuwafundisha makipa ipo, kama anaitaka.

Hoja hii nimeisikia kwenye stendi ya bodaboda, na nimeisikia siku ya soko katikati ya magunia ya vitunguu na matenga ya kuku, watu wakijadili mechi za Uingereza za jana yake. Haijadiliwi tena. Imeshakuwa kama kanuni ya mchezo: kiungo ndiye kocha wa kuzaliwa, wengine wanajaribu tu. Sababu zake nazo zinajulikana. Kiungo anacheza katikati, mpira wote unapita kwake, yeye ndiye anayeamua kasi iongezwe au ipunguzwe, yeye ndiye anayewaunganisha walio nyuma na walio mbele. Kwa hiyo, wanasema, amekuwa akifundisha tangu siku alipovaa jezi. Kisha yanafuata majina: Guardiola, Ancelotti, Deschamps, Zidane, Simeone, Xabi Alonso. Mbele ya orodha hiyo watu wengi hunyamaza.

Mimi sinyamazi. Majina hayo ni ya kweli na vikombe vyao ni vya kweli, lakini mkataa uliofikiwa kutokana nayo umekosewa. Tena kosa hilo linatuumiza sisi wa Bungoma na Trans Nzoia kuliko linavyoweza kuiumiza Madrid, kwa sababu Madrid ikikosea kocha inanunua mwingine.

Nianze na mtu wa nyumbani. James Aggrey Siang'a, aliyefariki hapa Bungoma mwaka 2016, alikuwa kipa. Alikuwa katika kikosi cha Kenya kilichokwenda Kamerun mwaka 1972 kucheza Kombe la Mataifa ya Afrika, mara ya kwanza kabisa kwa nchi hii kufika huko. Baada ya kutundika glavu aligeukia ukufunzi, akainoa Harambee Stars, akavuka mpaka na kuinoa Taifa Stars ya Tanzania, na akaifundisha Simba ya Dar es Salaam. Ukimtaja Siang'a leo Chwele, vijana wengi watakuuliza ni nani. Ukimtaja Kariakoo, mzee yeyote wa Simba atakueleza habari zake mpaka chai ipoe.

Habari yenyewe ni ya mwaka 2003. Simba ilipangiwa Zamalek ya Misri katika Ligi ya Mabingwa Afrika, na Zamalek ndiyo iliyokuwa bingwa mtetezi. Hakuna aliyetarajia lolote. Mechi ya kwanza, Dar es Salaam, Simba ikashinda 1-0. Marudiano Cairo, Zamalek ikashinda 1-0, na mshindi akalazimika kupatikana kwa penalti. Juma Kaseja akasimama golini, Christopher Alex akapiga penalti ya mwisho, Simba ikapita kwa 3-2 na kuingia hatua ya makundi. Bingwa wa Afrika akavuliwa taji nyumbani kwake na timu iliyofundishwa na kipa kutoka Bungoma.

Najua nitakachoambiwa: penalti ni bahati. Sawa. Lakini kufungwa bao moja tu Cairo kwa dakika 90, mbele ya mashabiki wa Zamalek, hakuji kwa bahati. Hiyo ni kazi ya mtu anayejua safu ya ulinzi inavyopangwa, nani amfuate nani, nani abaki, mpira wa pembeni upokewe wapi. Na nani anajua hayo kuliko aliyetumia ujana wake akiyatazama kutoka golini na kulipa yeye mwenyewe kila yalipoharibika?

Sasa mtazame nahodha wa Simba ile ile. Alikuwa Selemani Matola, kiungo, fundi wa pasi aliyebandikwa jina la Veron kwa kufananishwa na yule Mwajentina. Kwa kanuni ya stendi yetu, katika kikosi kile Matola ndiye aliyekuwa kocha wa kuzaliwa. Na kweli akawa kocha, tena mzuri. Lakini kwa miaka sasa amekuwa msaidizi wa makocha wa kigeni pale Simba, akishika usukani kwa muda kila wanapofukuzwa, kisha anarudi kwenye benchi akija mwingine. Nafasi ya katikati ya uwanja haikumfungulia mlango huo. Kipa aliyemfundisha ndiye aliyekabidhiwa timu yote.

Tuondoke kwenye majina kidogo, tutazame mchezo wenyewe. Wanaosema kiungo anaona uwanja mzima hawajawahi kusimama nyuma ya goli. Nenda uwanja wowote wa shule huku kwetu jioni, ule wenye nguzo za mkaratusi na mteremko unaoupeleka mpira upande mmoja, na usikae kwenye mstari wa kati na wenzako. Zunguka, simama nyuma ya kipa. Kitu cha kwanza utakachogundua ni kwamba kipa haachi kusema. "Panda! Panda! Wewe, kushoto kwako! Mwache huyo, ana mtu. Toka!" Mpira ukiwa upande wa pili kabisa bado anasema, anamvuta beki hatua mbili, anamrudisha kiungo aliyelala. Wachezaji wote 21 wako mbele ya macho yake, na kwa sehemu kubwa ya mchezo hana la kufanya isipokuwa kutazama na kupanga.

Kisha mtazame kiungo. Nusu ya muda amewapa mgongo wenzake au ameligeuzia mgongo goli la wapinzani. Akipokea mpira ana watu wawili visiginoni, na anachokiona ni kipande cha uwanja mbele yake, kile anachokihitaji kwa sekunde hiyo. Anakisoma vizuri sana, ndiyo maana ni kiungo. Lakini kusoma kipande ukiwa mbioni na kuipanga timu nzima ukiwa umesimama ni kazi mbili tofauti, na ya pili inafanana zaidi na kazi ya kipa. Sisemi kwamba makipa wote ni makocha. Wengi wao ni wapiga kelele tu. Nasema kwamba kama hoja ni kuona uwanja, kiungo hastahili kushinda hoja hiyo.

Na Siang'a hakuwa peke yake. Jacob Mulee, yule Ghost, alikuwa kipa. Ndiye aliyeipeleka Harambee Stars Tunisia mwaka 2004. Tulipigwa na Mali, tukapigwa na Senegal, kisha tukaifunga Burkina Faso 3-0. Ulikuwa ushindi wa kwanza wa Kenya katika fainali za Kombe la Mataifa, baada ya kwenda na kurudi mikono mitupu tangu 1972. Yaani kipa alikuwamo katika safari ya kwanza ya Kenya, na kipa mwingine ndiye aliyekuwa kwenye benchi tulipoonja ushindi kwa mara ya kwanza. Wapenda viungo hawajanijibu hilo.

Tukitaka washambuliaji nao wapo. Bernard Mwalala, aliyewahi kuifungia Yanga mabao, aliifundisha Nzoia Sugar hapa hapa Bungoma kabla ya kushuka Mombasa, na mwaka 2019 akaipa Bandari ngao ya FKF. Mwaka 2025 Harambee Stars ilikabidhiwa Benni McCarthy, mshambuliaji mtupu. Katika CHAN ya Agosti mwaka huo, timu ya wachezaji wa ligi ya nyumbani iliifunga DR Congo, ikaifunga Morocco ikiwa na watu kumi, ikaifunga Zambia, na kutolewa na Madagascar kwa penalti katika robo fainali. Huyo McCarthy aliunyanyua ubingwa wa Ulaya akiwa Porto mwaka 2004 chini ya José Mourinho, mtu ambaye uchezaji wake haukumfikisha popote.

Hapo nimefika kwenye hesabu, na naomba uvumilivu wa aya moja. Timu ina watu 11. Kutegemea mfumo, watatu hadi watano kati yao ni viungo. Basi hata kama makocha wangechaguliwa kwa kupiga kura ya bahati, tungetarajia zaidi ya robo, au hata karibu nusu, wawe viungo wa zamani. Chukua makocha waliotwaa Kombe la Dunia kuanzia 1994 hadi 2022. Parreira hakucheza soka ya kulipwa. Jacquet, Del Bosque na Deschamps walikuwa viungo. Scolari na Lippi walikuwa mabeki. Löw alicheza kati na mbele. Scaloni alikimbia upande wa kulia. Viungo halisi ni watatu kati ya wanane, au wanne ukimhesabu Löw. Ni idadi ile ile ambayo bahati peke yake ingeileta. Tunawaona viungo kila benchi kwa sababu viungo ni wengi uwanjani, basi.

Kuna jambo la pili linaloipindisha orodha. Kiungo hupewa timu mapema. Wenye klabu wanamjua, alikuwa nahodha, mashabiki wanalipenda jina lake, kwa hiyo akistaafu leo kesho anaitwa. Andrea Pirlo, kiungo ambaye wengi wanamwona bora wa kizazi chake, alikabidhiwa Juventus mwaka 2020 bila kuwahi kufundisha timu yoyote ya wakubwa. Klabu ilikuwa imetwaa ligi mara tisa mfululizo. Yeye akamaliza wa nne, na baada ya msimu mmoja akaondolewa. Beki wa kawaida asingepewa kazi ile, na asingepata nafasi ya kufeli mbele ya dunia nzima. Arrigo Sacchi, aliyewahi kuuza viatu, alilazimika kupanda ngazi moja baada ya nyingine kabla Milan haijamwita, na alipofika akatwaa ubingwa wa Ulaya 1989 na 1990.

Basi ni nini kinachomfanya mtu awe kocha? Jibu langu halina mvuto wa stendi: ni kujifunza kazi chini ya mtu mwingine, na kuachwa muda wa kutosha mahali pamoja. Mfano unaonivutia zaidi unatoka mbali, Lebanon. Klabu ya Al Ansar ya Beirut ilitwaa ligi ya nchi hiyo mara 11 mfululizo hadi 1999, rekodi iliyoingia katika kitabu cha Guinness. Kocha anayehusishwa na zama hizo ni Adnan Al Sharqi. Hakuwa anabadilishwa kila ikifika Krismasi. Kati ya nyota wake alikuwamo kiungo Jamal Taha, ambaye aliiongoza Lebanon kama nahodha katika Kombe la Asia la mwaka 2000, nchi hiyo ikiwa mwenyeji.

Taha naye akawa kocha, na mwaka 2020 akapewa timu ya taifa. Juni 2021 Lebanon ikafuzu kuingia raundi ya mwisho ya Asia ya kuwania Kombe la Dunia. Mwezi uliofuata, kiti kikawa cha Ivan Hašek kutoka Jamhuri ya Czech. Ukitaka kutumia maisha ya Taha kuthibitisha kwamba kiungo ni kocha wa kuzaliwa, unaweza, maana alifanikiwa. Lakini mafanikio hayo hayakumlinda kwa zaidi ya wiki chache, na mtu huyo huyo alikuwa amekulia katika klabu iliyokuwa hai kwa sababu ya utulivu.

Wakenya hatuna haki ya kuwacheka Walebanon. Mwaka 2008 Francis Kimanzi aliifikisha Harambee Stars raundi ya mwisho ya kufuzu Kombe la Dunia la 2010, na Desemba mwaka huo Kenya ikashika nafasi ya 68 duniani katika orodha ya FIFA, juu kuliko wakati mwingine wowote. Mapema 2009 Kimanzi akawa nje na Mjerumani Antoine Hey akawa ndani. Hey alikuwa kiungo wa zamani wa Schalke. Kabla mwaka haujaisha alikuwa ameondoka, hata mechi ya mwisho ya kundi dhidi ya Nigeria hakuisubiri. Namba aliyocheza zamani ilimsaidia nini?

Au mchukue Charles Boniface Mkwasa, kiungo wa Yanga wa enzi zake. Mkwasa huyu aliipeleka Twiga Stars Afrika Kusini mwaka 2010 kwenye mashindano ya wanawake ya Afrika, akiwa amepewa muda wa kuijenga. Mwaka 2015 akapewa Taifa Stars kama mtu anayeitwa kuzima moto, na Novemba mwaka huo ikafungwa 7-0 Algeria baada ya sare ya 2-2 nyumbani. Ni mtu yule yule, na miguu ile ile ya kiungo. Kilichobadilika ni muda na matayarisho.

Huku kwetu ushahidi bora hauko hata kwenye klabu. Uko shuleni. Ukitoka Chwele ukapita Kimilili mpaka Kitale, unafika St. Anthony's, wale wanaoitwa Solidarity, shule ambayo kila mwaka ikitajwa michezo ya shule za sekondari lazima itajwe. Katika Trans Nzoia hiyo hiyo kuna Wiyeta Girls, ambao walianza kutoa wachezaji wa timu za taifa za wasichana wakati wengi wetu tulikuwa bado tunabishana kama wasichana wacheze. Mtu wa St. Anthony's anayejulikana kwa kazi hii ni Peter Mayoyo, na sijawahi kumsikia mzazi akiuliza alicheza namba gani. Makocha wa shule hizi wanamchukua mtoto wa kidato cha kwanza asiyejua kupiga pasi ya mguu wa kushoto, na wanakaa naye miaka minne. Wanamwona akikua, wanajua lini anadanganya kwamba anaumwa. Klabu gani ya ligi kuu inampa kocha wake miaka minne? AFC Leopards, mapenzi ya mkoa wetu wote, baada ya ubingwa wa 1998 ilikaa zaidi ya miaka 20 bila taji la ligi, na katika muda huo makocha walipishana mlangoni kama abiria wa matatu. Walikuwamo wazungu na wenyeji, viungo na wasio viungo. Leopards ilijaribu kila aina ya kocha isipokuwa aliyeachwa akamaliza kazi.

Kwa nini basi nasema imani hii inatuumiza? Kwa sababu ndiyo inayoamua nani apelekwe kozi. Leseni za CAF zinaanza na D, zinapanda C, B, A, hadi Pro, na bila A huruhusiwi kuwa kocha mkuu katika mashindano ya klabu za Afrika. Ngazi hiyo ina gharama: ada, nauli, malazi, siku za kuacha shamba au duka. Timu ya mtaa ikichangisha fedha za kumpeleka mtu mmoja, itamchagua yule fundi wa zamani ambaye chenga zake bado zinasimuliwa. Kipa aliyekuwa akiwapanga wenzake kwa miaka kumi anabaki nyumbani, au anaambiwa afundishe makipa wawili kando ya uwanja wakati timu inafundishwa na mtu mwingine. Mwalimu wa shule ya msingi anayejua kuwakalisha watoto 40 wakasikiliza hatajwi kabisa. Na mwanamke ndiyo kabisa, ingawa ni Mildred Cheche aliyekuwa kwenye benchi mwaka 2024 wasichana wetu wa Junior Starlets walipokwenda Jamhuri ya Dominika, timu ya kwanza ya soka ya Kenya kucheza fainali za Kombe la Dunia za FIFA za umri wowote. Waliifunga Mexico 2-1 huko. Hiyo ni rekodi ambayo hakuna fundi wa namba kumi wa Kenya aliyewahi kuisogelea.

Fundi wa zamani mara nyingi ana shida nyingine ambayo hatupendi kuisema mbele yake. Kitu alichokifanya bila kufikiri, hawezi kukieleza. Nimewaona wakimkasirikia kijana: "Si unapokea tu, unageuka!" Kijana hajui anageukaje, na fundi hajui amweleze nini, kwa sababu yeye hakufundishwa, alizaliwa nacho. Anachukua mpira, anaonyesha mwenyewe, watu wanapiga makofi, mazoezi yanaisha. Kijana anarudi nyumbani kama alivyokuja. Aliyepata shida kujifunza, aliyekaa benchi, aliyeumia mapema, huyo anajua hatua zote kwa sababu alizipita moja moja.

Sitaki kuweka kanuni mpya mahali pa ile ya zamani, tukaanza kusema kipa ndiye kocha wa kuzaliwa. Wazee wa timu wakinihitaji, ushauri wangu ni mfupi. Anayeomba kazi apewe vijana 20 na mipira mitano kwa saa moja, bila filimbi, tuone vijana wangapi wanasimama bila kazi. Kisha aonyeshwe bao ambalo timu ilifungwa wiki iliyopita na aulizwe lilianzia wapi. Atakayemnyooshea kidole kipa, tumshukuru aende. Atakayerudi nyuma pasi tatu, nne, mpaka pale beki wa kulia alipochelewa kupanda, aulizwe anataka mshahara gani na atakaa miaka mingapi.